Mto Rufiji na Sisi Tulio Mwisho Wake



Halmashauri ilipotutaka tuandike habari ya historia kwa ajili ya kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Umoja wetu, tulifungua madaftari ya mikutano tukidhani kazi itakuwa nyepesi. Tukaona jambo ambalo hatukulitazamia. Karibu kila ukurasa wenye ugomvi, au deni lililoshindikana kulipwa, au mbegu zilizogawiwa kwa kuchelewa, una neno "mto" ndani yake. Basi tumeona ni vema hesabu za Umoja tuwaachie wenzetu walioziandika katika kurasa nyingine, nasi tueleze habari za mto wenyewe: unakotoka, mambo uliyoyaona, na yale unayotuletea sisi tunaolima huku chini, baina ya Mloka na bahari.

Jina la Rufiji, kwa hakika, ni jina la sehemu ya mwisho tu. Juu kuna mito mitatu mikubwa. Mto Kilombero, ambao wazee wengi huuita Ulanga, hukutana na mto Luwegu penye maporomoko ya Shuguli, na kuanzia hapo ndipo maji huitwa Rufiji. Mbele kidogo mto hupokea Ruaha Mkuu kwa upande wa kushoto, kisha huingia katika korongo jembamba la mawe ambalo kwa miaka mingi liliitwa kwa jina la Stiegler, Mzungu aliyeuawa na tembo huko mwaka 1907. Ukitoka korongoni nchi hufunguka, mto hutanuka na kutambaa, na hapo ndipo kwetu. Bonde zima lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 177,000, yaani karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mvua inayonyesha Mbeya, Njombe, Iringa, Songea, na hata sehemu za Dodoma na Singida, hupitia mlangoni petu kabla ya kuingia baharini.

Wengi wetu hudhani ya kuwa mto ulio mrefu na wenye sifa ndio uletao maji mengi. Sivyo. Ruaha Mkuu unakusanya maji ya karibu nusu ya bonde lote, lakini katika kila debe mia za maji ya Rufiji, ni kama 15 tu zitokazo kwake. Kilombero, ambao bonde lake si kubwa hivyo, huleta zaidi ya 60. Sababu yake ni milima. Ukingo wa Udzungwa na nyanda za juu za Njombe na Mufindi huzuia mawingu yatokayo baharini, na mvua huanguka huko kwa wingi. Kisha mito ya Ruhuji, Mnyera, Mpanga na Kihansi huishusha katika bonde tambarare la Kilombero, ambalo hugeuka ziwa wakati wa masika. Kwa hiyo mkulima wa Utete anayetaka kujua kama mwaka huu maji yatakuwa makubwa, asiulize habari za Dodoma. Aulize habari za Ifakara.

Hata hivyo Ruaha Mkuu una somo lake. Mto huu huanzia katika milima ya Uporoto na Kipengere, ukateremkia uwanda wa Usangu, ukalala kwanza katika ziwa la matete liitwalo Ihefu, ndipo ukaendelea kupita katika Hifadhi ya Ruaha hadi Mtera na Kidatu. Zamani ulikuwa haukauki. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakabaki wakigombania madimbwi. Maji yalikuwa yamechukuliwa Usangu, kwa mifereji ya mashamba makubwa ya mpunga kama Mbarali na Kapunga, kwa mifereji mingi midogo ya wakulima wa kawaida, na kwa mifugo iliyoongezeka katika Ihefu. Mwaka 2006 Serikali iliwaondoa wafugaji wengi huko, na mwaka 2008 sehemu hiyo ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha.

Sisi hatuwezi kuwaona wakulima wa Usangu kuwa adui. Ni wenzetu, wanalima mpunga kama sisi, na wao pia wana vyama vya ushirika. Lakini tazama jinsi jambo lilivyokwenda: mtu alifungua mfereji Usangu apate kunywesha shamba lake, na kwa mifereji hiyo na ukame kupita pamoja, Mtera ikapungukiwa, na mwaka 2006 watu wa Dar es Salaam wakakaa gizani kwa mgawo wa umeme. Wala mfunguaji wa mfereji hakupata kumwona aliyekaa gizani.

Tumetaja umeme, nasi hatuna budi kueleza kidogo, maana ni katika jambo hilo hasa kwamba mto wetu umekuwa mto wa taifa zima. Mitambo ya Kidatu ilianza kazi mwaka 1975, nayo ina uwezo wa megawati 204. Bwawa la Mtera lilijengwa juu yake ili kuweka akiba ya maji, na mitambo yake ina megawati 80. Kihansi, katika milima ya Udzungwa, ina megawati 180; na huko, mwaka 1996, waligunduliwa vyura wadogo wa manjano walioishi katika manyunyu ya maporomoko, wala hawakuwahi kuonekana mahali pengine popote duniani. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakakoma, na vyura hao wakaokolewa kwa kupelekwa kulelewa Marekani. Wapo waliocheka waliposikia fedha zilizotumika kwa ajili ya chura. Sisi hatucheki sana, maana kiumbe ambaye maisha yake yote yametegemea maji yafike kwa namna fulani na kwa wakati fulani, tunamfahamu.

Sasa tufike nyumbani.

Bonde la chini halikulimwa kwa mvua peke yake. Kilimo chake ni cha namna mbili zilizoshikamana, na vijana wengi waliosoma shule, nasi tukiwamo, tulikuja kukielewa tukiwa watu wazima. Mvua za kwanza zikianza, mwezi wa Novemba au Desemba, mpunga hupandwa bondeni. Hauna budi uwe umesimama vema kabla ya maji makubwa ya masika kufika, ili uweze kurefuka pamoja nayo. Ukikutwa mdogo hufunikwa ukaoza. Maji hufika na kupanda kati ya Machi na Mei. Yakianza kushuka huacha tope jipya, jeusi, lenye unyevu, na katika tope hilo hupandwa mahindi, kunde na maboga, na hapo zamani pamba, pasipo kungoja mvua nyingine. Kilimo hicho cha pili ndicho mlau. Shamba la mlau halikuhitaji mbolea, kwa kuwa mto ndio ulioileta kutoka milimani. Mkulima aliishi shambani katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, akilinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe, na maji yalipopita chini ya sakafu hakuhama.

Tena iko hesabu iliyofichika humo. Mwaka wa maji madogo, mpunga hupona lakini mlau huwa mwembamba. Mwaka wa maji ya kadiri, vyote viwili hupatikana. Mwaka wa maji makubwa mno, mpunga hupotea, lakini tope husambaa mbali na mlau huwa mpana, hata njaa iliyotazamiwa Juni hupata dawa yake Septemba. Tena mafuriko ndiyo yajazayo maziwa ya pembeni, kama vile Ruwe, Zumbe, Utunge na Uba, na kuingiza samaki wapya; mwaka ambao mto haukutoka kingoni, wavuvi wa maziwa hayo huujua kwa nyavu zao. Na huko delta, maji matamu ndiyo yasukumayo chumvi ya bahari irudi nyuma, mpunga ukaweza kuota mahali ambapo wakati wa kiangazi huonja chumvi.

Kwa kilimo hicho Rufiji ililisha watu wengi. Katika karne ya 19 majahazi yalipakia mpunga wa Rufiji kwenda Unguja. Kutoka katika mikoko ya delta, ambayo ni msitu mkubwa kuliko yote ya namna hiyo katika Afrika ya Mashariki, zilikatwa boriti zilizosafirishwa hadi Arabuni na Ghuba ya Uajemi, na dari za nyumba nyingi za huko zilisimama juu ya miti ya Rufiji. Wako wataalamu wanaodhani ya kwamba hata Rhapta, bandari iliyotajwa na mabaharia wa Kiyunani yapata miaka 2,000 iliyopita, ilikuwa karibu na midomo ya mto huu. Lakini jambo hilo bado ni la mabishano, nasi tunaliacha kwao.

Walipokuja Wajerumani, waliona bonde hili kuwa nchi ya pamba. Tangu mwaka 1902 walianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika sehemu za kusini mwa Dar es Salaam. Kila mwanamume alilazimishwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka katika shamba hilo chini ya jumbe au akida, na malipo yalikuwa duni hata baadhi ya watu walikataa kuyapokea. Twaomba wanachama wasome maneno haya polepole. Shamba la pamoja lilikuwako hapa miaka mingi kabla ya Ushirika, na lilichukiwa, kwa sababu aliyelima hakuulizwa alime nini, wala hakuiona hesabu ya mauzo. Wazee wetu wengine wakisikia neno "pamoja" hukunja uso, na mara nyingi tumedhani ni ukaidi tu.

Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliingia katika kidimbwi, na watu wakasema amechukuliwa na mzimu akatoka mkavu. Akaanza kutoa dawa ya maji. Watu walimwendea kwa makundi kutoka kingo zote za Rufiji na milima ya Umatumbi, na mwezi wa Julai 1905, huko Nandete, wakang'oa mipamba. Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa bado changa. Vita hiyo ya Maji Maji ilienea kusini yote hadi mwaka 1907, na njaa iliyofuata, kwa kuwa mazao yalichomwa kwa makusudi, iliua watu wengi kuliko risasi. Dawa ile ilitoka katika mto huu. Watu waliotegemea maji kwa chakula waliyategemea na kwa uhuru wao.

Habari za manowari Königsberg zinajulikana kwa kila mtalii, basi tutazitaja kwa upesi: ilijificha katika midomo ya Rufiji mwaka 1914, ikaharibiwa na Waingereza tarehe 11 Julai 1915, na mizinga yake ikaopolewa na kutumika nchi kavu. Kwa mkulima wa Salale vita hiyo ilikuwa ya wageni wawili waliogombana uani kwake.

Waingereza nao walipotawala waliuchunguza mto. Mwaka 1929 iliandikwa taarifa juu ya kuyaendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero, na baadaye wataalamu wa FAO walipima bonde zima kwa miaka kadhaa, taarifa yao ikatoka mwaka 1961. Tangu hapo mto wetu umekuwa ukiishi maisha mawili: moja bondeni, na jingine katika makabrasha ya ofisi za mbali.

Mwaka 1968 maji yalikuwa makubwa sana. Mwaka uliofuata ikaja Operesheni Rufiji, na watu walihamishwa kutoka bondeni kwenda ardhi ya juu, wapate kuwa salama na wapate shule, zahanati na visima. Hatutasema ya kuwa nia ilikuwa mbaya. Shule zilipatikana, na sisi tunaoandika tumesoma katika mojawapo ya shule hizo. Lakini mwenye shamba alitengwa na shamba lake kwa saa nyingi za kutembea. Dungu lilibaki tupu. Nguruwe, nyani na viboko wakavuna. Mlau ukapungua. Wako walioshuka tena kimya kimya kila mwaka, wakawa wanahesabiwa kijijini na kuishi bondeni, na hali hiyo haijaisha hata leo: katika orodha zetu za wanachama, mtu mwenye anwani ya juu na shamba la chini si ajabu.

Ushirika nao ulipata misukosuko yake. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na sheria tunayoifuata sasa ni ya mwaka 2013. Korosho na ufuta vya ardhi ya juu vimetupa nguvu, maana huuzwa kwa stakabadhi ghalani na bei hutangazwa mbele ya wote. Daraja la Mkapa pale Ndundu, lenye urefu wa meta 970, lilifunguliwa mwaka 2003, likamaliza siku zile ambazo lori la mazao lilisubiri kivuko hadi mzigo ukaharibika. Lakini mpunga na mahindi ya mlau hayana mnada wala stakabadhi, basi yakipotea hayaonekani katika hesabu ya mtu yeyote. Hilo tunaliona kuwa upungufu wetu wenyewe.

Tumefika sasa penye jambo zito. Mwaka 2019 ujenzi wa bwawa ulianza katika korongo lile la mawe, jambo lililotamaniwa tangu enzi za Mwalimu, nalo limepewa jina lake. Ukuta wake una kimo cha meta 131. Maji yalianza kuzuiwa mwezi wa Desemba 2022. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwezi wa Februari 2024, na kwa mitambo yote tisa uwezo wake ni megawati 2,115, zaidi ya mara nne ya Kidatu, Mtera na Kihansi kwa pamoja. Ni fahari ya nchi, na umeme wake unasaga unga hata huku kwetu.

Ukuta huo umebadili mto. Kilele cha maji ya masika hukatwa na bwawa, na maji hutolewa kidogo kidogo kwa mwaka mzima kwa ajili ya mitambo. Tope lililokuwa likishuka kutoka milima ya Njombe na Udzungwa hutua nyuma ya ukuta, na maji yatokayo ni meupe. Mkulima wa mlau aliyezoea kupata mbolea pasipo kulipa, itambidi siku moja ainunue dukani. Na tarehe, ambazo tulizisoma kwa kuutazama mto, sasa zimo katika mikono ya mtu mwenye kufungua milango.

Kisha ukaja mwaka 2024. Mvua za El Niño zilikuwa nyingi kupita kiasi, bwawa likajaa, na mwezi wa Aprili maji yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Wanachama wetu wengi walipoteza mpunga uliokuwa karibu kukomaa. Palikuwa na maneno makali. Wapo waliosema maji yamefunguliwa juu yao. Serikali ilieleza ya kwamba chanzo ni mvua, na ya kwamba bila bwawa mafuriko yangalizidi. Sisi si wahandisi, wala hatutaamua kesi hiyo katika kijitabu cha sherehe. Lakini katika mkutano wetu wa dharura mzee mmoja alisimama akasema neno ambalo tuliliandika katika muhtasari: kwamba baba yake aliyaona maji makubwa kuliko haya, lakini aliyasikia yakija siku nyingi kabla, kwa rangi yake na kwa majani yaliyoelea, ndipo akapandisha mbegu darini. Safari hii rangi haikusema kitu. Yaliyosema yalikuwa simu, na simu haikumfikia kila mtu.

Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina makao yake Iringa, nayo ndiyo hutoa vibali vya kutumia maji. Sheria ya mwaka 2009 inawaruhusu watumiaji wa maji kuunda jumuiya zao na kusikilizwa. Wakulima wa Usangu wanazo jumuiya hizo tangu zamani. Sisi wa chini, katika miaka kumi ya Umoja, tumepeleka barua nyingi kuhusu magunia, viuatilifu na bei, na barua chache mno kuhusu maji. Tulidhani maji ni jambo la Mungu na msimu. Halmashauri imekubali kwamba mwaka huu itapeleka ombi la kuwa na jumuiya ya watumia maji kwa vijiji vya mlau, na pamoja nalo maombi mawili: tupewe habari ya kufunguliwa kwa milango kabla ya siku ya kugawa mbegu, na mafundi wa bwawa waeleze kama yaweza kutolewa maji ya kutosha katika masika ili yapande bondeni na kuingia katika maziwa.

Ombi kama hilo huhitaji ushahidi, na ushahidi wetu ulikuwa vichwani mwa wazee. Kwa hiyo tumenunua daftari jipya, tukaliweka ghalani karibu na mizani. Upande wa kushoto karani huandika bei ya ufuta kama ilivyo desturi. Upande wa kulia mwanachama yeyote ajaye kupima mzigo huulizwa tarehe ambayo maji yalipanda shambani kwake, yalifika nguzo ipi ya dungu, na yalishuka lini. Kurasa kumi na nne zimekwisha kujaa, na tatu kati yake ni za watu wa delta, waliokuja kwa mtumbwi.